Ukishavuka arobaini: tupa mkorogo, nunua mafuta ya mgando na viatu vya kutembelea

Leo naomba tuzungumze sisi tuliovuka miaka arobaini, au tunaoikaribia, kuhusu ngozi zetu na viungo vyetu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 47. Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, nikafanya kazi wodini miaka kadhaa, halafu nikaja hapa Uingereza nikakaa tena darasani na watoto wadogo mpaka wakanipa cheti chao. Siku hizi niko kwenye zahanati ya daktari wa familia, yaani GP, napima presha, nasafisha vidonda, natoa sindano na kusikiliza watu.

Nitasema msimamo wangu mapema kabisa, ili hata asiye na muda wa kusoma mpaka chini aondoke nao. Kwa maoni yangu, sisi huku ughaibuni tunatumia fedha nyingi mno kwenye sura na kidogo mno kwenye ngozi. Mtu yuko tayari kutoa paundi 40 kwa kikopo cha krimu ambacho hajui kimetengenezwa na nini, lakini vidonge vya vitamini D vya paundi tatu anaviona ghali. Na mazoezi ndiyo kabisa, tumewaachia vijana na Wazungu. Ukimwambia mtu wa miaka 48 atembee nusu saa anakuuliza, "Kwani gari langu limeharibika?"

Mtanisamehe nikisema kwa ukali kidogo. Ni kwa sababu ninayaona matokeo yake.

NGOZI YA AROBAINI SIYO YA ISHIRINI

Tuanze na hali halisi. Kadiri umri unavyosogea ngozi hupunguza mafuta yake ya asili, inakuwa nyembamba, inapona polepole. Kwa wanawake mabadiliko haya hushika kasi karibu na kukoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni inashuka. Hapa Uingereza wastani wa umri wa kukoma hedhi ni miaka 51, lakini homoni huanza kuyumba miaka kadhaa kabla. Wataalamu wa ngozi wanasema ndani ya miaka mitano ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, ngozi ya mwanamke hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni, ile protini inayoifanya ngozi iwe imara. Ndiyo maana dada mmoja anakuja kwangu analalamika, "Nawashwa mwili mzima, na sina upele." Siyo uchawi wala siyo chakula. Ni ukavu. Wanaume nao hawakusamehewa, ila kwao mambo huenda taratibu zaidi.

Sasa chukua ngozi hiyo uilete Ulaya. Nje baridi na upepo, ndani hita inawaka usiku kucha na kukausha hewa. Maji ya London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki ya Uingereza yana chokaa nyingi, angalieni birika lenu la chai mtaona. Juu ya hapo sisi tunaoga asubuhi na jioni kama tulivyolelewa, maji ya moto yanayotoa mvuke, sabuni ya kuua vijidudu, na dodoki tunalisugua kama tunaosha sufuria iliyoungua. Halafu tunashangaa kwa nini miguu imepauka kama imepakwa majivu.

Sikuambii uache kuoga mara mbili. Najua hutanisikia, na mimi mwenyewe nisingejisikia. Ninachokuomba ni kwamba maji yawe ya uvuguvugu na kuoga kwenyewe kuwe kwa dakika chache. Sabuni weka pale inapohitajika, kwapani, kwenye mapaja na miguuni, siyo lazima mikono na mgongo vipigwe sabuni kila siku. Dodoki mara moja au mbili kwa wiki linatosha. Na akina dada, ndani ya uke hapaoshwi kwa sabuni wala kwa kitu kingine chochote, panajisafisha penyewe. Hilo tukikaa faragha nitalieleza kwa kirefu.

Siri iliyobaki ni ya dakika tatu. Ukitoka kuoga jifute kwa kugusagusa taulo, acha ngozi ikiwa na unyevunyevu, halafu paka mafuta papo hapo, kabla hujaanza kutafuta nguo au kupokea simu ya nyumbani. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi iliyokauka, kazi yake ni kuyafungia yasitoke. Na mafuta gani? Haya ya mgando ambayo mama zetu walitupaka tukienda shule yanafanya kazi hii vizuri kuliko krimu nyingi za bei mbaya. Asiyependa yanavyonata atafute losheni yenye gliserini na isiyo na manukato. Kwa wenye magaga, tafuteni krimu ya miguu yenye urea, mfamasia atawaonyesha, pakeni usiku na kuvaa soksi. Mwenye kisukari asichokonoe magaga kwa wembe hata siku moja. Nimeona wembe mmoja ukimfikisha mtu kwenye kukatwa kidole.

Kuna jambo moja kuhusu mafuta ambalo watu wetu wengi hawalijui. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitoa onyo kwamba nguo, bandeji na mashuka yaliyolowana mafuta ya ngozi yanashika moto haraka mno, na onyo hilo lilihusu hata mafuta yasiyo na parafini. Ngozi yenyewe hailipuki, tatizo ni kitambaa, na kufua kunapunguza mafuta hayo lakini hakuyamalizi. Basi ninyi ndugu zangu wa pwani mnaofukiza udi mkiwa mmesimama juu ya chetezo na kanga inaning'inia, mfukize kabla ya kujipaka au mwangalie sana. Na mzee anayevuta sigara kitandani akiwa amepakwa mafuta miguu yote, huyo mnyang'anyeni kiberiti.

Kuhusu krimu za kuondoa makunyanzi sitasema mengi. Zenye ushahidi mzuri ni chache, na kundi linaloongoza ni la retinoidi, ambazo zinatokana na vitamini A. Lakini ngozi nyeusi ikiunguzwa nazo inaacha alama nyeusi, kwa hiyo anza kidogo, usiku mara mbili kwa wiki, na kama kuna uwezekano wa mimba usiziguse. Zilizobaki nyingi unalipia chupa nzuri.

TUJE KWENYE MKOROGO

Hapa ndipo roho yangu inapouma. Mkorogo tunaujua wote. Tunaucheka kwenye harusi, uso wa Fanta na vidole vya Coca-Cola. Lakini sioni tunauzungumza kama suala la afya, na hasa afya ya mtu wa makamo. Binti wa miaka 22 akijichubua mwili wake bado una nguvu ya kuficha madhara. Anayeendelea mpaka 45 ndiye anayeletewa bili.

Nikueleze kilichomo. Vipo vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi. Hapa Uingereza ni marufuku kuiuza kwenye vipodozi vya kuchubua, inatolewa kwa cheti cha daktari tu, na mwaka 2019 umoja wa serikali za mitaa wa huku uliifananisha na dawa ya kubandulia rangi ukutani. Ukiitumia miaka mingi inakugeuka, ngozi inaanza kuwa nyeusi ya kibluu, hasa mashavuni na karibu na macho, na weusi huo ni mgumu mno kuondoka. Mtu anaongeza krimu ili aufute, na unazidi.

Cha pili ni zebaki. Hii inapita kwenye ngozi na kwenda kwenye figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki, lakini vikopo bado vinapatikana. Ubaya wa zebaki hauishii kwa anayepaka. Inabaki kwenye taulo, kwenye mto, kwenye mikono inayombeba mtoto. Unajichubua wewe, anayekojoa zebaki ni mjukuu wako.

Cha tatu ndicho ninachokutana nacho zaidi, steroidi kali, hasa klobetasoli. Ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, mtu anaandikiwa apake kidogo kwa wiki chache. Sisi tunainunua kwa tyubu kumi, tunaichanganya na losheni kwenye ndoo na kujipaka mwili mzima, miaka. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, michirizi inatokea mapajani na mikononi, chunusi usoni, nywele zinaota kidevuni. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho. Na ikiingia mwilini kwa wingi inapandisha presha ya damu na sukari, na tezi za juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya asili zinalala, kwa sababu zinaona kazi yao imeshafanywa.

Alikuja mama mmoja wa Afrika Mashariki, nimebadilisha mambo yake ili asijulikane, wa miaka hamsini kasoro. Presha 168 kwa 100, sukari juu, uso umevimba kama mbalamwezi, mikono na miguu imekonda. Nilipomfunga kile kitambaa cha kupimia presha na kukifungua, ngozi ya mkono ikachubuka. Nikamuuliza anapaka nini. "Losheni ya kawaida tu." Sikumbishia. Nikamwambia kwa Kiswahili, dada yangu, mimi siyo polisi wala siyo wifi yako, nataka kujua tu nikusaidie. Wiki iliyofuata alikuja na mfuko wa plastiki wenye vikopo vitano. Kwenye kimoja jina la klobetasoli limeandikwa wazi ubavuni. Daktari akampima damu ya asubuhi, tezi zake zilikuwa hazifanyi kazi inavyotakiwa. Alikuwa akimeza vidonge vya presha aina mbili na haviteremshi kitu, kwa sababu hakuna aliyejua kinachoipandisha. Ilichukua miezi mingi kumrudisha.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo ushauri wa mitaani unapoua. Kama umekuwa ukijipaka krimu za steroidi mwili mzima kwa miezi au miaka, USIACHE GHAFLA peke yako. Ngozi inaweza kuwaka moto, na zile tezi zilizolala haziamki siku moja, unaweza kuanguka kwa udhaifu, kutapika na presha kushuka. Nenda kwa GP ukiwa umebeba vikopo vyote, hata kile kisicho na lebo. Watakupunguzia taratibu. Na kama unakwenda kufanyiwa upasuaji wowote, mwambie daktari wa usingizi unachopaka. Kidonda cha mpasuo kwenye ngozi ya mkorogo hakishiki nyuzi vizuri, hilo waulizeni madaktari wa nyumbani watawasimulia.

Kwa anayeweza kusoma lebo, angalieni haya maneno: hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercury, calomel. Kikopo kisichokuwa na orodha ya viungo kabisa hicho nacho ni jibu. Na zile sindano za glutathioni za kung'arisha mwili zinazochomwa sebuleni kwa watu, mimi kama mtu ninayechoma sindano kwa kazi yangu sikubali hata kuzijadili. Hujui kilichomo kwenye chupa, hujui sindano imetoka wapi.

Nataka pia nimtetee huyu mama, kwa sababu naona tunapenda sana kumsimanga. Wengi hawakuanza kwa kutaka kuwa Wazungu. Walianza kwa sababu walipofika arobaini yakatokea mabaka meusi mashavuni, yanayoletwa na homoni na jua, na hakuna aliyewaambia kwamba yana tiba. Mume akasema neno. Shoga yake akamletea kikopo. Mabaka hayo daktari anaweza kuyatibu kwa usalama zaidi, na dawa ya kwanza ni krimu ya kuzuia jua kila siku, tena ile yenye rangi inayofanana na ngozi yako, kwa sababu rangi ile ina oksidi ya chuma inayozuia hata mwanga wa kawaida unaochochea mabaka. Bila hiyo hata dawa nzuri namna gani itashindwa. Na ninyi kaka zangu, mnaosema hadharani mnapenda "mwanamke mweupe", mjue kuna figo zinalipia maneno hayo.

Ukienda kwa daktari kuhusu ngozi usiogope kumwelekeza. Vitabu vingi vya udaktari vimejaa picha za ngozi nyeupe, ambapo kila ugonjwa ni "wekundu". Kwetu sisi pumu ya ngozi inaweza kuonekana zambarau, kijivu au nyeusi zaidi tu. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa hapa London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu kinachoitwa Mind the Gap chenye picha za dalili kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu aliona darasani hazipo. Kijana wa miaka ishirini kaliona, sembuse wewe mwenye ngozi yenyewe.

JUA: ADUI AU RAFIKI?

Vyote viwili. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini haitoshi kwa kila kitu, na kinga hiyo hiyo ndiyo inayotuponza huku. Mwili hutengeneza vitamini D kwa kutumia jua, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. London iko nyuzi 51 kaskazini. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la hapa ni taa tu, halina nguvu ya kututengenezea vitamini hiyo. Ushauri wa serikali ni kwamba kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa kipupwe na baridi, na sisi wenye asili ya Afrika, pamoja na wanaovaa nguo za kufunika mwili mzima, tufikirie kumeza mwaka mzima. Mikrogramu 10 ni sawa na yuniti 400. Usijidanganye kwamba ukimeza nyingi ndiyo vizuri, zaidi ya mikrogramu 100 kwa siku inaweza kudhuru, labda daktari akuandikie mwenyewe. Wenzetu wa Muscat na Dubai msijione mmesalimika. Jua mnalo lakini mnalikimbia, na mna haki ya kulikimbia, kwa hiyo upungufu kwenu upo tele.

Ukisikia mtu wa makamo anasema "mifupa yote inauma, misuli haina nguvu, kupanda ngazi ni kazi", usikimbilie kusema ni uzee au ni hali ya hewa. Mwambie akapimwe.

Kansa ya ngozi je? Kwetu ni nadra, lakini ikija hujificha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 tu, kwa kansa ya melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Watu weusi melanoma hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hatuangalii. Mara moja kwa mwezi, ukipaka mafuta, geuza unyayo utazame. Doa jeusi linalokua, mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja unaopanuka, kidonda kisichopona, nenda hospitali. Usipake rangi ya kucha juu yake.

KUBEBA BOKSI SIYO MAZOEZI

Najua mtanijibu. "Sista, mimi nasimama masaa 12 kwenye nyumba ya wazee, nageuza watu vitandani, nyumbani nafika saa 3 usiku, unaniambia mazoezi?" Mwingine anabeba boksi ghalani usiku kucha. Nawaelewa, nimefanya zote mbili kabla sijapata usajili. Lakini kazi ya kuinama na kusimama kwa masaa bila kupumzika inachosha viungo, haiujengi moyo kama mwendo wa haraka unavyojenga. Mazoezi ni pale moyo unapokwenda mbio kiasi, kwa muda mfupi, halafu unapumzika. Kazini humpati hata mmoja kati ya hao wawili.

Kinachotakiwa siyo kikubwa. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unatembea kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Hiyo ni dakika 30 siku tano, na unaweza kuigawa kumi kumi. Shuka basi kituo kimoja kabla. Ukiwa unaongea na nyumbani kwa WhatsApp, ongea ukitembea. Tunavyojua simu zetu zinavyokuwa ndefu, wiki moja tu ya umbea inatosha kumaliza dakika zote.

Halafu siku mbili kwa wiki fanya kitu cha kutia nguvu misuli. Baada ya arobaini misuli hupungua, na kwa wanawake baada ya kukoma hedhi mifupa huisha haraka, na misuli yenye kazi ndiyo inayoilazimisha mifupa ibaki imara. Huhitaji jimu. Kaa kwenye kiti cha jikoni, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Mara kumi. Ukisubiri wali uive shika ukingo wa sinki, panda juu ya ncha za vidole, shuka, mara kumi na tano. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Sukuma ukuta kwa mikono miwili kama unasukuma gari lililokwama. Weka taarabu au rumba ya zamani ucheze nyimbo tatu mlango umefungwa, hakuna anayekuona. Na kina mama ambao mkojo unawachuruzika mkicheka au mkikohoa, bana misuli ile unayobania mkojo, hesabu mpaka tano, achia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Usione haya, nusu ya wanaokuja kwangu wana tatizo hilo na wote wanadhani wako peke yao.

Magoti yanauma? Hili ndilo linalowashangaza wengi. Kwa goti lililochakaa kwa umri, mwongozo wa matibabu wa hapa Uingereza wa mwaka 2022 unaweka mazoezi kuwa tiba ya msingi, kabla ya vidonge. Linaweza kuuma kidogo mwanzoni. Kukaa kwenye kochi ndiko kunakolimaliza.

Wapenda kampani wajaribu parkrun. Ilianza mwaka 2004 kwenye bustani ya Bushy Park hapa London, leo iko nchi nyingi. Ni kilomita 5 kila Jumamosi, kwa England saa 3 asubuhi, bure kabisa, na kutembea kunaruhusiwa. Kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kumaliza wa mwisho, kwa hiyo wewe hutakuwa wa mwisho hata ukitaka. Akina mama wanaojisitiri waulize bwawa la kuogelea la mtaani kwao, mengi yana saa za wanawake peke yao. Wa Ghuba tembeeni baada ya magharibi au ndani ya maduka makubwa asubuhi. Na popote ulipo, mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kisukari cha muda mrefu aonane na daktari kabla ya kuanza.

Kuna kipimo kimoja cha bure nyumbani. Chukua kamba, ipime urefu wako kutoka kisigino mpaka utosini, ikunje katikati. Zungusha hiyo nusu kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ikifika, vizuri. Isipofika, tumbo limezidi na hatari ya kisukari, presha na moyo imepanda. Nyumbani tulizoea kusema kitambi ni dalili ya mambo mazuri. Kwa watu wa asili ya Afrika kisukari huja tukiwa na uzito mdogo kuliko Mzungu, ndiyo maana kwetu uwiano wa uzito na urefu huanza kuhesabiwa umezidi kwenye 23, siyo 25.

Kama unaishi England, una kati ya miaka 40 na 74 na hujaambiwa una ugonjwa wa moyo, kisukari wala figo, una haki ya kupimwa bure kila baada ya miaka mitano: presha, lehemu, uzito na hatari ya kisukari. Wanatuma barua au ujumbe wa simu. Najua barua hiyo iko wapi nyumbani kwako, iko kwenye droo pamoja na karatasi za matangazo ya piza. Itoe. Siyo lazima ugombanie simu saa 2 asubuhi na wenye homa, piga mchana, sema umeitwa kwa NHS Health Check, na kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani wa Kiswahili, hulipi kitu. Siku hiyo vaa blauzi yenye mikono inayopanda, na vile vikopo uje navyo.